Kulungu kwa upinde: mpwa wangu kaniuliza apige akiwa umbali gani

Traka Mstaafu (Liwale)

Wakuu habari za jioni. Najua mwezi huu kusini kote mawazo yako kwenye mnada wa korosho, ila naomba mnivumilie, hili limenikaa kichwani.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Nachingwea, yuko Marekani mwaka wa sita sasa, jimbo la Wisconsin. Wenzake kazini wamemwingiza kwenye kuwinda kwa upinde. Kasoma kozi ya usalama ambayo kwa umri wake huko ni lazima, kakata leseni, kanunua upinde wa kompaundi, ule wenye magurudumu juu na chini, mtumba lakini mzima. Msimu wao wa upinde huanza katikati ya Septemba, kwa hiyo keshaingia porini. Wiki iliyopita kanipigia: "Shikamoo mjomba. Hivi kulungu nimpige nikiwa umbali gani?" Maana huko kila mtu anampa namba yake. Mmoja anasema yadi 20, mwingine 40, na kijana mmoja kamwonesha video ya mtu anapiga yadi 80.

Kaniuliza mimi kwa sababu nimetembea na wageni kwenye vitalu vya uwindaji vya huku miaka kumi na minne, na kati ya hao walikuwepo wachache wa upinde. Halafu kwetu mnajua, mjomba akiulizwa hasemi sijui.

Kabla hamjanirukia kuhusu jina: huyo mnyama kwetu hayupo. Yule tunayemwita kulungu au mbawala ni jamii ya swala, pembe zake anazaliwa nazo ukoo na anakufa nazo. Huyu wa Marekani pembe zake zina matawi, na dume anaziangusha kila mwaka kisha zinaota upya. Wakristo wanamfahamu kama ayala wa Zaburi. Mimi nitasema kulungu kwa sababu mpwa wangu anasema kulungu. Kwa ukubwa, dume lao wastani mfikirie swala pala aliyeshiba vizuri, pengine zaidi kidogo.

Sasa jibu nililompa. Nilimwambia: wewe ulikuwa unacheza namba tisa pale shuleni. Piga ndani ya kumi na nane.

Wanaojua mpira wanaelewa. Ule mstari wa boksi uko yadi 18 kutoka golini, mita 16 na nusu. Nenda uwanja wa Nangwanda Sijaona au wa Majaliwa pale Ruangwa, simama kwenye mstari, tazama nguzo ya goli. Huo ndio umbali ambao wawindaji wengi wa upinde niliowaona wakitulia walitulia nao. Ukisogea nyuma hadi mita 36, yaani yadi 40, umeshafika zaidi ya mara mbili ya boksi, na kila kitu kinabadilika, hata kama mkono wako unafika.

Nitaeleza kwa nini, ngoja nipeleke mbuzi zizini kwanza.

Salfa Tupu (Tandahimba)

Nimekaa mbele kabisa, kahawa na kashata ninavyo. Endelea mkuu.

Mjukuu wa Podo (Masasi)

Mkuu, pembe "anazaliwa nazo ukoo" ndio nini? 😂 Ila uzi mzuri. Babu yangu alikuwa mtu wa uta na upote (kamba ya upinde) kweli kweli, huku upande wa Lukuledi. Nilikuwa namsikia akisema anapiga hatua kumi tu, nikadhani ni uzee wa macho. Kumbe?

Traka Mstaafu (Liwale)

Nimerudi. Kuhusu pembe nilitaka kusema haziondoki, kalamu ilikimbia.

Nawapa visa viwili, vyote nilikuwepo.

Cha kwanza. Mgeni kutoka Texas, kijana wa miaka thelathini na kitu. Kambini kila jioni alikuwa analenga gunia lililojazwa matambara, yadi 60, mishale mitatu inagusana. Sisi wote tulivua kofia. Siku ya tatu tukamkuta konzi (jamii ya kongoni) amesimama peke yake, ametupa ubavu, kichwa juu. Kipimo cha leza kikasema yadi 44. Profesheno hanta, yaani mwindaji anayeongoza wageni, akamnong'oneza "tusogee", yeye akatikisa kichwa, akavuta. Mshale ulitoka sawasawa. Lakini konzi alisikia upote. Alichuchumaa, wakuu. Namaanisha tumbo lilishuka kuelekea nyasi kabla hajakimbia, na mshale ukampata juu kabisa, kwenye mnofu wa mgongo.

Tulianza kufuata damu saa mbili asubuhi. Tone hapa, tone pale, jani moja, kisha hatua hamsini hakuna kitu. Saa kumi jioni tukafika kwenye korongo la mchanga, damu ikaishia hapo. Kesho yake tukarudi, tukakuta nyayo za fisi tu, na za wanyama wengine wengi. Hatukumpata. Na sheria ya vitalu ni kwamba ukijeruhi umeua, kwa hiyo alilipa. Pesa hakuijali. Ila usiku ule alikaa na sahani yake mbele hakugusa kitu, na tangu siku hiyo sikumwona akilenga lile gunia la yadi 60.

Cha pili. Mzee wa umri wa babu zetu, upinde wa mti mtupu, hauna hata sindano ya kulengea. Siku tano anatambaa. Pala hala dume (yule swala mkubwa mweusi) likasimama yadi 25, mimi moyo unapiga, yeye akatabasamu akarudi nyuma. Nilimlaani kimoyomoyo. Siku ya sita ngiri alikuwa amepiga magoti anachimba mizizi, upepo unatujia usoni, mzee akasogea mpaka hatua kumi na mbili. Nilizihesabu baadaye kwa miguu yangu. Ngiri alikimbia umbali wa kutupa jiwe akaanguka tunamwona.

Nilimuuliza kwa nini aliacha lile pala hala. Akajibu kwamba nyumbani kwake anajua mshale wake wa kwanza unafika wapi, na yadi 25 haipo. Basi.

Fizikia Asubuhi (Nachingwea)

Hapo kwenye konzi kuchuchumaa nisaidie kwa chaki, maana nafundisha kidato cha tatu na hili ni swali zuri kuliko ya kwenye kitabu.

Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Mshale wa kompaundi ya kawaida unakwenda kama mita 85. Kwa hiyo mlio wa upote unafika kwa mnyama zamani kabla ya mshale.

Chukua mita 18. Mshale unatumia sekunde 0.21 hivi. Sauti imefika kwa 0.05. Tuseme mnyama anachukua sehemu moja ya kumi ya sekunde kushtuka (nimekadiria tu). Inabaki sekunde 0.06 za kushuka. Kitu kinachoanguka chenyewe kwa muda huo kinashuka sentimita 2 tu.

Sasa mita 36. Mshale 0.42, sauti 0.1, kushtuka 0.1. Inabaki 0.22. Kwa muda huo kitu kinaanguka sentimita 23 au 24.

Umbali umekuwa mara mbili, lakini mnyama ameshuka zaidi ya mara kumi. Hiyo ni kwa sababu mwanguko unakwenda kwa mraba wa muda. Mapafu na moyo wa mnyama wa ukubwa huo vinakaa kwenye eneo la kama sentimita 20 hadi 25 kutoka juu hadi chini. Ukilenga katikati, akishuka hivyo, mshale unapita juu ya mapafu. Ndicho alichokiona mkuu.

Na Mjukuu wa Podo, babu yako hakuwa na tatizo la macho. Upinde wa mti mshale wake unakwenda pengine mita 50 kwa sekunde. Ukiupiga kutoka mita 18, mnyama anapata karibu muda uleule wa mnyama wa mita 36 mbele ya kompaundi. Kwa mita 9 anarudi kwenye zile sentimita 2 au chini yake. Hatua kumi za babu ni hesabu sahihi kabisa, sema hakuiandika.

Mjukuu wa Podo (Masasi)

Aisee. Nimemsomea mama, kanyamaza muda halafu akasema "si ndiyo alivyokuwa anasema kila siku".

Kijana wa Mikindani

Wazee heshima kwenu, lakini mnapigia hesabu za kizamani. Kuna kompaundi siku hizi zina mwendo mkubwa kuliko huo, kuna leza, kuna sindano tano za kulengea. Hizo video za yadi 80 si za kuchonga, mtu anaonekana anapiga. Kwa nini tumfungie mpwa kwenye boksi la penati?

Traka Mstaafu (Liwale)

Mdogo wangu, sijasema hawapati. Lile gunia la kambini nalo lilipatwa.

Leza inakwambia yuko mita ngapi sasa hivi. Haikwambii atakuwa wapi mshale ukifika. Yadi 80 ni mita 73, mshale uko hewani kwa sekunde nzima kasoro kidogo. Mnyama anayekula kwa utulivu, asiyesikia chochote, ndani ya sekunde moja anapiga hatua. Hatua moja ya mguu wa mbele inatosha kutoa mshale kwenye mapafu ukaingia tumboni, na wewe hukukosea lolote. Video hawakuwekei zile ambazo mnyama alipiga hatua.

Mwendo wa mshale unasaidia kidogo, sikatai. Ila wanaokimbiza mwendo mara nyingi wanapunguza uzito wa mshale, na mshale mwepesi upinde unapiga kelele zaidi. Yule mzee wa ngiri mishale yake ilikuwa mizito kama fimbo, na upote wake ulitoa mlio wa mtu anayepumua.

Na kuna jambo mwalimu hakuligusa, hali ya mnyama mwenyewe. Kulungu aliyeinamisha kichwa anakula mita 22 ni afadhali kuliko aliyenyanyua shingo anakutazama mita 15. Huyo wa pili miguu imeshakaza, anasubiri sababu. Mpwa nimemwambia: akikutazama, umbali wote umefutika, hata akiwa karibu. Subiri aendelee na shughuli zake. Na siku zote lenga theluthi ya chini ya kifua, kwenye moyo, siyo katikati. Asiposhtuka umepata moyo, akishuka umepata mapafu.

Bi Mihogo (Newala)

Samahani naingilia. Mimi nina nguruwe pori wanamaliza mihogo kila usiku. Naweza kutumia huo upinde? Mume wangu anao wa marehemu baba yake umetundikwa darini.

Traka Mstaafu (Liwale)

Dada uache hukohuko darini. Bila kibali unaweza kuhesabiwa jangili hata kama nguruwe yuko kwenye mhogo wako. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji apeleke kwa afisa wanyamapori wa halmashauri. Kwa usiku ni ulingo, moto na debe kama zamani. Na chembe (ncha za mishale) za ule upinde wa marehemu usiziguse kwa mkono mtupu, wazee wengine walizipaka sumu.

Tena afadhali umeigusa hiyo. Watu husema "mbona babu zetu walipiga mbali". Wapo waliopiga mbali kwa sababu ya sumu. Mwenye sumu alihitaji mshale uingie tu, popote, halafu anafuata taratibu. Leo sumu ni marufuku huku, na mpwa wangu kule hana sumu. Mshale wake unaua kwa makali tu, kwa kukata mishipa na kutoboa mapafu. Ukiondoa sumu, lazima usogee.

Salfa Tupu (Tandahimba)

Sasa mkuu hiyo kumi na nane ni ya kila mtu? Mimi sijawahi kushika upinde, nikipewa leo nitakosa hata ng'ombe wa mita tano.

Traka Mstaafu (Liwale)

Hapo ndipo penyewe. Kumi na nane nilimpa kama dari, asipite. Namba yake mwenyewe nilimwambia aitafute, na nilimpa namna.

Chukua sahani ya kulia chakula, ile ya kawaida yenye upana wa sentimita 23. Ndiyo mapafu ya kulungu hayo. Itundike kwenye kitu laini kinachoshika mshale. Kila asubuhi kabla ya kazi, mshale mmoja. Mmoja tu, kisha ingia ndani unywe chai. Kosa la watu wengi ni kupiga mishale arobaini jioni, mwili umepata moto, mkono umezoea, halafu wanachukua ile kumi ya mwisho wanasema hii ndiyo shabaha yangu. Kulungu hakupi mishale thelathini ya kupasha misuli. Anakupa wa kwanza, umekaa saa tatu hujajongea, vidole vimekufa ganzi.

Anza mita 10. Mishale kumi ya asubuhi kumi, ikiingia yote kwenye sahani, sogea mita 3 nyuma. Ukifika mahali miwili inatoka nje, rudi ulikotoka, hapo ndipo kwako.

Halafu nikamwongezea: vaa lile koti lako nene la huko. Mtu wa Nachingwea kwenye baridi ya Novemba ya Wisconsin anavaa kama godoro. Upote unagonga mkono wa koti na mshale unakwenda kwa jirani. Na upinde wa paundi 65 (ndiyo nguvu ya kuuvuta) aliokuwa anauvuta Agosti akiwa na fulana, kwenye baridi hauvutiki, mtu anaanza kuunyanyua juu kama anatwanga, kulungu kashaona. Nimemwambia apunguze paundi. Heri upinde mlaini unaouvuta umekaa kimya kuliko mgumu wa kuonyesha watu.

Na apigie juu ya ulingo, siyo chini. Kule wanajenga ulingo kwenye mti, mita tano sita kutoka ardhini, kama zile za kuamia nyani mashambani. Siku ya kwanza alipopiga kutoka juu mishale yote ilipita juu ya sahani, kwa sababu alikuwa anainamisha mikono badala ya kuinama kiunoni. Na mnyama akiwa chini kabisa ya mti, karibu sana, usidhani ndiyo rahisi. Unamwona mgongo, mshale unapata pafu moja, na mnyama wa pafu moja anaweza kukutembeza hadi kesho. Kwa hiyo kuna karibu inayozidi. Mimi ningependa awe mita 12 hadi 16, amenipa ubavu, au ameanza kunipa mgongo kwa mshazari.

Fizikia Asubuhi (Nachingwea)

Kwenye ulingo mita 6 juu na mnyama mita 18 kutoka shina, mstari wa jicho ni mita 19. Tofauti ni mita moja, kwa hiyo kwa umbali huu asihangaike na hesabu za pembe. Ajihangaishe na kiuno.

Kijana wa Mikindani

Nimeelewa, narudisha maneno. Swali la kweli sasa: porini hakuna mistari ya chokaa. Anajuaje kwamba huyu yuko 18 na siyo 25? Macho yanadanganya.

Traka Mstaafu (Liwale)

Swali zuri, na yanadanganya hasa alfajiri na jioni, na hao wanyama hutembea saa hizohizo. Mnyama mdogo anaonekana yuko mbali, jike kubwa linaonekana liko karibu.

Dawa ni kupanga mistari kabla hajaja. Akipanda ulingo, jambo la kwanza achukue leza apime miti: mwaloni ule mita 14, gogo lile 16, jiwe lile 23. Huku ningesema mkorosho, kichuguu, mpingo. Anakariri. Kulungu akipita kati yake na gogo, yumo. Akiwa nyuma ya gogo, upinde unabaki magotini. Hakuna kufikiri tena, maana ukianza kufikiri mbele ya pembe kubwa, pembe zinashinda. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mita 30 inaanza kuonekana kama 20. Nimewaona watu wazima, wenye mali zao, wanasahau hata kuweka mshale kwenye upote.

Na kama atapiga, afanye nini baadaye: asishuke mbio. Aangalie mshale. Damu nyekundu ya kung'aa yenye mapovu ni mapafu, nusu saa inatosha kisha afuate. Damu nzito nyeusi ni ini, asubiri muda wa saa nne au zaidi. Mshale ukiwa na uchafu wa kijani na harufu ni tumbo, amwache mpaka nusu siku. Huku kwetu hiyo ya mwisho ni anasa, fisi hawakungojei. Kule wanaweza kulala wakarudi asubuhi, ingawa nao wana mbwa mwitu wao wadogo wanaowahi.

Mjukuu wa Podo (Masasi)

Mkuu, kuna kitu nilisikia kwa jamaa aliyefanya kazi pori la akiba la Lukwika-Lumesule, kwamba wageni wa Marekani wakija huku wanajeruhi sana kwa sababu wanalenga sehemu ya kulungu wao. Ni kweli?

Traka Mstaafu (Liwale)

Kweli tupu. Kulungu wao wanamlenga nyuma kidogo ya bega, na inafaa. Wanyama wetu mapafu na moyo vimekaa mbele zaidi, panda na mguu wa mbele moja kwa moja. Mgeni akilenga kama kwao anapiga nyuma, tumboni. Nilikuwa nawachorea kwenye vumbi kila asubuhi. Mpwa yeye hana shida hiyo, huku hakuwahi kuwinda, hana cha kusahau.

Salfa Tupu (Tandahimba)

Mrejesho tafadhali, mpwa kafikia wapi? Mnada umeisha hapa, nina muda.

Traka Mstaafu (Liwale)

Kanipigia jana, huku saa tisa usiku, kasahau masaa. Kwa zile asubuhi kumi za kila umbali namba yake imetoka mita 16. Sahani ya mita 19 ilimtoa miwili.

Jumamosi alikaa ulingoni kuanzia giza. Saa moja na nusu jike na watoto wawili wakapita chini ya mti, akawaacha. Baadaye likaja dume, anasema pembe zina matawi manane, likasimama nyuma ya lile gogo, ubavu wote wazi. Mita 21. Ananiambia mkono ulikuwa umeshashika upote. Likakaa hapo kama dakika mbili linanusa majani, kisha likaondoka zake upande wa bondeni.

Wenzake kazini wanamcheka. Mmoja kamwambia mita 21 ni kama kupiga kwa mkono. Kaniuliza: "Mjomba, nilikosea?" Nikamuuliza alisikia baridi vidoleni. Akasema alikuwa havihisi. Nikamwambia Jumamosi ijayo ahamishe ulingo, aende upande wa bondeni lilikoelekea, upepo ukiruhusu.

Bi Mihogo (Newala)

Akilipata atume hata picha. Na nguruwe jana wamerudi, mtendaji anasema afisa atakuja Jumatatu.